Magari Yasiyokwenda Popote

Gari jekundu lilipita tena, likafuatwa na lile la rangi ya fedha, kisha yakaja mengine yote kwa mpangilio uleule wa tangu mwanzo, na Vagheni akashindwa kuvumilia. Alikuwa fundi wa pikipiki, mtu mpole mbele ya injini lakini mkali mbele ya televisheni.

"Iko nazunguka tu!" akapiga kelele. "Sawa mbuzi yenye bamefunga ku muti! Inazunguka, inazunguka, kisha banasema imeshinda. Imeshinda kwenda wapi?"

Watu kwenye mabenchi wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha uchovu. Chumba cha video cha Syauswa, nyuma ya soko la Butembo, kilijaa kila Jumapili mchana, risasi zilie au zisilie. Walikuja madereva ambao malori yao yalikuwa yamelala kwa sababu barabara ya kusini imefungwa na vita. Walikuja mafundi na wauza petroli ya chupa. Wote walitaka kitu kimoja tu, kuona mashine inakimbia. Na kila Jumapili Syauswa aliwasha groupe yake, ile jenereta ya nyuma ya nyumba, akapanda juu ya bati kugeuza ile antene ya duara mpaka picha ikatulia, na picha ilipotulia ikawa ni ileile: magari ya chini kama meza, yakizunguka barabara nyeusi isiyo na shimo hata moja.

"Syauswa, ndugu yetu," Vagheni akabembeleza, "hakuna pikipiki? Hata kidogo tu?"

"Miye si njo napanga programme," akajibu Syauswa. Alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi mno. "Ile chaîne inatupatia hii. Ikichoka, inatupatia tennis. Munataka tennis?"

"Hapana!" chumba kizima kikajibu.

Hapo ndipo Ézéchias aliposimama. Alikuwa dereva wa lori, mwembamba, mwenye sauti ambayo haikulingana na kifua chake. Sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya injini. Kabla ya vita alikuwa akibeba maharage na vitunguu kutoka Kirumba, na mara nyingine kahawa mpaka ng'ambo ya mpaka.

"Musikilize," alisema. "Miye nimeona rali na macho yangu. Nilikuwa Uganda, polisi bakatusimamisha bote pembeni. Njo gari ikatoka mu kilima, imejaa matope mpaka ku dirisha, inaruka sawa chura! Ndani yake bantu babili. Mumoja anashika volan, mwingine anamwitia njia: kushoto, kulia, shimo, daraja. Ile njo course. Hii yenye tunaangalia ni matembezi."

"Sema, Papa Joyeuse!" Vagheni akamhimiza, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Kama bangetuacha sisi tupange, ningefanya hivi. Tunatoka Kirumba asubuhi. Tunapanda Alimbongo na ukungu yake yote. Tunapita hapa Butembo, batu bote bako ku barabara. Hapana kusimama ku barrière ya askari hata moja! Na mwenye ataingia Beni wa kwanza, mji ni yake!"

Wakapiga makofi, wakagonga mabenchi, wakarudia kwa pamoja, "Mji ni yake!" Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, na karibu na mlango alikuwa amesimama mtu mmoja aliyeingia kujikinga. Kwa kelele ile ya mvua alisikia Kirumba, akasikia Alimbongo, akasikia barrière na mji. Neno rali halikumfikia. Mvua ilipopungua akaondoka, na hakuna aliyemwangalia, kwa kuwa gari jekundu lilikuwa linapita tena.

Jioni, Ézéchias alimaliza ugali wake huku bado analalamika. Mkewe Tamar alikuwa ametoka kwenye mazoezi ya kwaya, amechoka, na mtoto wao Joyeuse amelala mapajani mwake.

"Papa Joyeuse, tosha," alisema. "Batu banalia juu ya vita. Weye unalia juu ya télé."

"Juu ya vita, nani ataniuliza?" akajibu Ézéchias. "Ya télé, angalau naweza kusema."

Tamar alitaka kucheka, akajizuia ili mtoto asiamke. Aliamini kwamba mume wake alikuwa mtu mzuri mwenye kichwa cha mtoto, na kwamba Mungu alimpa yeye kichwa cha watu wawili ili mambo yalingane.

*

Vagheni ndiye aliyeleta habari, kesho yake. Alisimama mlangoni mikono yake imejaa oili, asijue aishike wapi kofia yake.

"Balimukamata ku parking," alisema. "Askari. Bamemutia mu pickup, bamemupeleka Beni, kwa commandant mwenyewe."

"Juu ya nini?" Tamar aliuliza.

"Banasema anapanga vita. Eti kuna batu batatoka Kirumba, bapite Alimbongo, bavunje barrière zote, bakamate Beni."

"Nani alisema maneno kama ile?"

Vagheni akatazama chini. "Yeye mwenyewe alisema, Mama Joyeuse. Na sisi tulipiga makofi."

Nyuma ya nyumba, Rébecca, mama yake Ézéchias, aliyasikia yote akiwa anachambua maharage. Hakulia. Aliweka ungo chini, akaja akamchukua Joyeuse kutoka mikononi mwa Tamar.

"Nilimuzaa na ile mudomo," alisema. "Najua ukubwa wake. Wende, mutoto wangu. Umulete."

Tamar alipata nafasi juu ya magunia ya mkaa, kwenye lori lililokuwa linajaribu kufika Beni kabla ya mvua ya mchana. Alibeba ugali uliofungwa kwenye majani, sombe ya majani ya muhogo na kipande cha samaki mkavu. Kwenye barrière ya kwanza askari walimshusha, wakafungua mfuko, wakanusa. Kwenye ya pili wakala samaki. Kwenye ya tatu askari mmoja kijana alionja sombe kwa kidole, akasema haina chumvi, kisha akaila yote. Tamar alisimama pembeni na kumwangalia akilamba jani, na jambo lililomuuma zaidi kuliko njaa ni kwamba alijikuta anasema, "Pole, nilisahau chumvi."

Kule kambini hawakumkataza kuingia. Walimwambia tu kwamba commandant hajaamka, kisha kwamba anakula, kisha kwamba masufuria ya askari ni machafu na yeye ni mwanamke amekaa bure. Akayaosha. Alipomaliza wakamwonyesha mtungi, akateka maji. Alipomaliza maji, mtu mmoja akatoka barazani amevaa kandambili na suruali ya jeshi, akamwita kwa kidole.

"Yaka awa, mama," alisema kwa Kilingala, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Weye ni bibi ya nani?"

Huyo ndiye alikuwa Commandant Malachie, mtu mnene, mwenye macho ya usingizi na sauti ya kirafiki iliyowatisha watu kuliko makelele.

"Ni bibi ya Ézéchias, dereva. Mon commandant, hapana vita. Balikuwa banaongea juu ya rali."

"Rali ni nini?"

"Ni mashindano ya magari. Mu matope, ku vilima. Ndani bantu babili, mumoja anaendesha, mwingine anaita njia."

Malachie akacheka polepole. "Mama, miye ni mupenzi wa courses. Iko télé kwangu, iko antene. Kila dimanche naangalia. Siyaona hata siku moja gari ya course mu matope. Zile gari ziko chini hivi." Akashusha kiganja mpaka karibu na kandambili. "Ikiingia ku matope ya Alimbongo, itatoka? Donc bwana yako anadanganya, na weye unadanganya."

"Iko ingine, mon commandant. Haionyeshwi tu."

"Juu ya nini haionyeshwi? Kitu iko na haionyeshwi?"

Swali hilohilo mume wa Tamar alikuwa akiliuliza kila Jumapili jioni, na yeye alikuwa akimwambia anyamaze.

"Sawa," akasema Malachie. "Miye si mutu mubaya. Dimanche utakuya hapa, tutaangalia pamoja. Ikionekana hiyo rali, hata kidogo, nitaamini. Isipoonekana..." Alipiga miayo, akarudi ndani.

*

Dada yake Tamar, Kaswera, aliishi hapo Beni, mtaa wa Beu. Alimpa kitanda cha watoto na kanga safi, na kila asubuhi walipika pamoja chakula cha mfungwa. Kaswera alikuwa na ulimi, akasema, "Bwana ya mwenzako anafungwa juu ya dhahabu, wako anafungwa juu ya magari ya ku télé." Lakini ni yeye aliyeongeza yai kwenye sahani bila kuombwa.

Kasho alimofungwa Ézéchias lilikuwa chumba cha matofali nyuma ya kambi, lenye dirisha dogo la mbao. Tamar aliruhusiwa kusimama nje ya dirisha wakati askari amewasha sigara yake, na sigara ilipokwisha ilibidi aondoke. Aliona macho ya Ézéchias na nusu ya pua.

"Joyeuse yuko muzuri?"

"Yuko na mama yako. Anakuuliza."

"Na weye? Umelala wapi?"

"Kwa Kaswera. Kula." Akapitisha sahani. "Papa Joyeuse, banakupiga?"

"Hapana," alisema haraka. "Niko muzuri. Ni baridi tu."

Akamweleza mpango wa Jumapili. Alidhani mume wake ataogopa, maana maisha yake yalikuwa yamewekwa mikononi mwa televisheni. Badala yake yale macho mawili yakang'aa.

"Dimanche? Kwa commandant? Kumbe iko na antene! Sasa, uangalie muzuri mwanzo. Wakati mwingine mbele ya course banaonyeshaka kidogo ya ingine. Mara moja niliona pikipiki, mais ilipita haraka. Na uniambie ile nyekundu kama imeshinda tena, juu ile ya fedha ilikuwa karibu..."

"Ézéchias!" Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Uko mu kasho!"

Kisha vidole vikatoka dirishani, vikashika ncha za vidole vyake.

"Najua," alisema. "Niko najua kabisa. Unisamehe."

Sigara ya askari ilikuwa imekwisha.

*

Jumapili ile, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, Tamar hakwenda kanisani. Alisikia nyimbo za kanisa la jirani akiwa njiani kwenda kambini, na sauti ya pili ilikuwa chini kidogo, akajizuia asiiimbe.

Sebule ya commandant ilikuwa na viti vya kochi vilivyotoka katika nyumba tofauti, hakuna kilichofanana na mwenzake. Malachie alimwonyesha kigoda karibu kabisa na televisheni. Yeye alikaa nyuma na chupa ya bia, askari wawili wakasimama ukutani. Groupe ikanguruma nje, picha ikatetemeka, ikatulia.

Mwanzoni Tamar aliomba kimya. Mwanamume wa kizungu aliongea, mwanamke akaonyesha sabuni, kisha magari yakaonekana yamepangwa. Yalikuwa mazuri, lazima akiri. Yaling'aa kama vyombo vya harusi. Yakaanza kukimbia. Aliinama mbele, akatafuta matope. Akatafuta kilima. Kila kona ilipokuja alifikiri labda sasa yataacha ile barabara nyeusi, yatatoka kwenda mahali, kwenye shamba, kwenye mto, nyumbani kwa mtu. Hayakutoka. Yalirudi palepale yalipoanzia, yakapita watu walewale waliovaa kofia zilezile, yakazunguka tena.

"Itakuya," alijiambia. Sabuni ilikuja. Gari jekundu lilikuja. Gari la fedha lilikuja. Sabuni ilirudi.

Malachie alisinzia, akaamka, akauliza, "Boni? Rali iko wapi?"

"Itakuya, mon commandant."

Magari yakazunguka. Tamar alianza kulichukia lile jekundu kama mtu anavyomchukia jirani. Alichukia jinsi lilivyopita bila kuchafuka. Alifikiria barabara ya Alimbongo, malori yakipanda katika ukungu huku wanaume wanabeba magogo ya kuzuia magurudumu, na mume wake kwenye usukani, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama alivyofanya siku zote mahali pagumu. Hakuna mtu aliyemletea kamera. Hakuna mzungu aliyesimama pembeni na kofia.

Ghafla bendera ikapepea, gari jekundu likashinda, na wanaume watatu wakapanda jukwaani wakaanza kumwagiana kinywaji kichwani. Kisha uwanja wa tennis ukatokea.

Tamar aliinuka kutoka kigodani. "Hapana!" aliiambia televisheni. "Hapana, hapana! Imekwisha? Ile tu? Dunia nzima haina barabara ingine? Kila dimanche mambo ni yale yale, nyekundu, fedha, nyekundu, fedha, batu banapoteza siku yao kuangalia gari haziendi popote! Pikipiki ziko wapi? Malori yako wapi? Kuna batu banaendesha mu matope mpaka ku magoti, na ni banaume, na munakataa kubaonyesha! Munaogopa nini? Munaogopa kuchafua télé?"

Alisikia sauti yake mwenyewe, akaitambua. Ilikuwa sauti ya Ézéchias, neno kwa neno. Akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alilia kwa sababu ya mumewe, kwa sababu ya masufuria, kwa sababu ya Joyeuse, na pia, jambo ambalo baadaye aliona haya kulikiri, kwa sababu ya ile programme.

Askari waliokuwa ukutani walimtazama commandant ili wajue kama wacheke. Malachie hakucheka. Alikuwa ameishika chupa yake kifuani na kuitazama tennis kwa huzuni.

"Ukweli," alisema hatimaye, "hata miye inanichokesha." Akanywa. "Naangaliaka juu hakuna ingine." Akafikiri kidogo. "Mutu hawezi kulia hivi juu ya uongo. Kesho bwana yako ataniendeshea. Miye mwenyewe nataka kuona hiyo rali. Kama ni dereva wa kweli, nitajua."

*

Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi barabara ya kuelekea Butembo ilikuwa laini kama uji. Walimtoa Ézéchias. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine, lakini alipoona jeep ya commandant alinyooka. Aliizunguka, akagusa matairi, akauliza kuhusu breki. Tamar alimwangalia akashindwa kujua kama ampige au amkumbatie. Mbele ya askari hakufanya lolote.

Malachie alipanda nyuma, askari mmoja pembeni yake na bunduki mapajani.

"Ulisema bantu babili," alisema. "Nani anaita njia?"

Ézéchias akageuka. "Bibi yangu."

"Miye?" Tamar akasema.

"Unajua barabara. Tuliipita mara ngapi, wakati tulikuwa tunauza makabichi?"

"Nilikuwa nalala!"

"Haukulala. Ulikuwa unanigombeza."

Akapanda. Ézéchias akawasha gari, ulimi ukatoka kidogo pembeni ya mdomo, na jeep ikaruka.

Tamar alisahau kuita njia, akashikilia mlango. Miti ilipita, mbuzi walipita, mwanamke mwenye kikapu aliruka mtaroni. "Sema!" Ézéchias akapiga kelele. "Sema njia!" Naye akaanza kusema. "Shimo! Kushoto, shimo ingine! Kulia, iko kalvati! Polepole, polepole, iko shule!" Na ajabu ni kwamba gari lilimsikia. Alisema kushoto, likaenda kushoto. Alisema kilima, likanguruma kabla kilima hakijafika. Matope yaliruka yakafunika kioo, na Ézéchias akatoa kichwa dirishani ili aone, akicheka kama kichaa, uso wote mweusi kwa udongo. Nyuma yao commandant alikuwa ameshika chuma kwa mikono yote miwili akipiga kelele ambazo hazikuwa Kiswahili wala Kilingala. Tamar hakuwahi katika maisha yake kumwona mume wake akifanya kazi yake hivyo, bila mzigo, bila hofu ya tairi. Akasahau bunduki iliyokuwa nyuma yake.

Ikaja ile kona ambayo madereva waliiita kona ya Mubiligi.

"Kushoto!" Tamar akaita.

Ilikuwa kulia.

Ézéchias alimfuata mkewe kwa uaminifu wote. Jeep iliacha barabara, ikapita kwenye ua wa matete, ikaangusha mgomba, ikaangusha wa pili, ikazama mpaka ekseli katikati ya shamba la ndizi na kunyamaza.

Jani kubwa lilianguka taratibu juu ya boneti. Tamar alikuwa amefumba macho, akingoja mlio wa bunduki.

Alichosikia ni sauti ya mwanamke. Bibi kizee alikuwa anakuja mbio na jembe, kanga imemfunguka.

"Vita yenu iko ku barabara!" alifoka. "Munafuata nini mu ndizi zangu? Nani ni mukubwa wenu? Ashuke!"

Malachie akashuka. Buti zake zilizama, kofia imepotea, na kwenye paji la uso kulikuwa na uvimbe unaokua. Bibi alimtazama, akaona nyota mabegani mwake, na bado hakushusha jembe.

"Pole, mama," akasema commandant.

"Pole haizai ndizi!"

Commandant akamgeukia Ézéchias. "Hii pia iko mu rali?"

Ézéchias alikuwa bado ameshika usukani. Alijibu kama dereva. "Kila mara, mon commandant. Gari ikianguka, batu benye kuangalia banaisukuma."

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Wakulima, wanawake waliotoka mtoni, wapita njia wenye baiskeli za mizigo. Walisogea kwa woga mwanzoni, kisha mtu mmoja akaweka bega, na mwingine, na askari akaegemeza bunduki yake kwenye mgomba akaweka bega. Mwishowe Malachie mwenyewe alisukuma, karibu na yule bibi kizee ambaye alisukuma huku anaendelea kumtukana. Jeep ilitoka kwa kishindo na kuwapaka wote matope kutoka kichwani mpaka miguuni, na umati ukashangilia kama watu walioshinda kombe.

Commandant alipumua kwa muda mrefu mikono magotini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Tamar alidhani ni hasira.

"Mama," alisema, akijifuta machozi ya kicheko, "kama bwana yako alitaka kukamata Beni, na weye njo unamwitia njia, Beni iko salama kabisa." Akamwambia askari, "Tika ye. Mwache aende." Aliingia kwenye jeep upande wa dereva, akajaribu kuikimbiza, ikazimika, akaiwasha tena, akaondoka polepole sana. Bibi kizee alibaki anainua mgomba wake ulioanguka, na Tamar alikwenda kumsaidia, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuomba msamaha.

*

Walitembea kuelekea Butembo. Walipofika kwenye kijito, Ézéchias akavua shati ili aoshe matope. Tamar akaona mgongo wake. Alama zilipishana kutoka mabegani mpaka kiunoni, nyingine zimekauka, nyingine bado.

"Ulisema hawakupigi," alisema.

"Ungelala namna gani, kama ningesema?"

Akachota maji kwa viganja, akamwosha. Mara moja tu Ézéchias alishika jiwe kwa nguvu. Tamar aliosha mpaka maji yanayoshuka yakawa safi, kisha akafungua kitenge chake cha juu, akamfunga mgongoni kabla shati halijarudi.

"Ilikuwa kulia," akasema Ézéchias baadaye kidogo, wakiwa wamekaa juu ya jiwe.

"Najua."

"Kona ya Mubiligi ni kulia. Tangu zamani."

"Najua, Papa Joyeuse. Juu ya nini ulinifuata, kama ulijua?"

Alifikiri. "Anayeita njia anafuatwa," alisema. "Ukianza kumushuku, course imekwisha." Tamar akamtazama, akaangalia pembeni.

Lori la kwanza lililopita lilikuwa la Mathe, dereva mwenzake, limebeba mbao. Mathe alifunga breki, akaruka chini, akamkumbatia, akamwachia haraka alipoona anavyokunja uso.

"Papa Joyeuse! Sisi tulifikiri..." Alifungua mlango, akasogea, akapigapiga usukani. "Kamata. Uingie mujini unaendesha weye mwenyewe. Batu bakuone."

Ézéchias aliutazama usukani.

"Leo hapana, ndugu yangu," alisema. "Leo unibebe."

Akapanda, akakaa upande wa dirisha, Tamar katikati. Kabla hawajamaliza kilima cha kwanza alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kikiegemea kioo. Barabara ilikuwa mbaya. Kila lori lilipokaribia shimo, Tamar aliingiza kiganja chake kati ya kichwa cha mumewe na kioo, akakiacha hapo mpaka shimo likapita, na Mathe, alipoona hivyo, akapunguza mwendo bila kuambiwa.